Jalada la siri na haki ya raia

Tarehe 22 Januari 2007, mjini Belfast, Bibi Nuala O'Loan, Msimamizi wa kwanza wa malalamiko dhidi ya polisi katika Ireland ya Kaskazini, alitangaza matokeo ya uchunguzi ulioanzia kwenye lalamiko la mzee mmoja. Mwanawe mzee huyo, Raymond McCord mdogo, aliuawa mwezi wa Novemba 1997, na kwa miaka mingi baba mtu alikuwa akisema kwamba waliohusika wanajulikana na polisi na kwamba wanakingiwa kifua. Uchunguzi ulidhihirisha kuwa mzee hakuwa akipayuka. Baadhi ya maofisa wa idara ya upelelezi wa siri waliwalinda watoa habari wao, waliokuwamo katika kundi la wanamgambo la UVF, wasifikishwe mbele ya sheria. Mmoja wa watoa habari hao peke yake alikuwa amekwisha kulipwa karibu paundi 80,000 za fedha ya umma.

Tunalirejea jambo hili si kwa kupenda kuchungulia ya nyumba ya watu. Tunalirejea kwa sababu linahusu swali ambalo kila nchi yenye polisi hapana budi ilijibu, nalo ni hili: taarifa za siri za polisi, ambazo raia haruhusiwi kuziona, ni nani atakayezisoma kwa niaba yake?

Bibi O'Loan hakutoka katika upelelezi. Alikuwa mwalimu wa sheria katika chuo kikuu. Mwaka 1977, akiwa mja mzito, alinusurika katika mlipuko wa bomu chuoni alikokuwa akifundisha, lakini mimba yake iliharibika. Mtu aliyeonja machungu ya namna hiyo angeweza kuwafumbia macho polisi waliokuwa wakipambana na watega mabomu, na wengi wasingemlaumu. Hakufanya hivyo. Aliteuliwa mwaka 1999, na afisi yake ikafungua milango mwezi wa Novemba 2000, ikiwa na wachunguzi wake yenyewe wenye mamlaka ya askari polisi, na sheria iliyomlazimisha Mkuu wa Polisi kumpa kila jalada analolihitaji.

Kazi yake kubwa ya mwanzo ilihusu mji wa Omagh, ambako tarehe 15 Agosti 1998 bomu liliwaua watu 29. Siku kumi na moja kabla ya maafa hayo, mtu asiyejitaja alipiga simu akaonya kwamba polisi wa Omagh wangeshambuliwa siku ile ile. Taarifa ya Bibi O'Loan ya Desemba 2001 ilieleza kwamba idara ya upelelezi wa siri haikulifikisha onyo hilo ipasavyo kwa wakuu wa polisi wa mji huo, na kwamba habari nyingine muhimu haikupewa wale waliokuwa wakiwatafuta wauaji. Mkuu wa Polisi wa wakati huo, Sir Ronnie Flanagan, aliikataa taarifa hiyo kwa maneno makali. Hata hivyo Bibi O'Loan hakudai zaidi ya alilolijua. Hakusema kuwa maafa yale yangezuilika. Alisema kwamba hilo halitajulikana kamwe.

Hapa ndipo tunapoliona fundisho la kwanza. Kumsimamia askari wa zamu barabarani si kazi ngumu mno. Shahidi huitwa, na ukweli hujulikana. Kuisimamia idara ya siri ni kazi ya namna nyingine, nayo haina tofauti na kazi ya mchambuzi wa taarifa za kijasusi. Sisi huku husema kuwa lisemwalo lipo. Mchambuzi haruhusiwi kutulia hapo. Hana budi aulize: nani amesema, aliyajuaje, amewahi kusema kweli mara ngapi, na anafaidika nini akisema? Katika taarifa ile ya mwaka 2007, watoa habari walihusishwa na mauaji ya watu kumi kwa taarifa zilizoonekana kuwa za kuaminika, na na mauaji mengine matano kwa taarifa zenye nguvu ndogo zaidi. Mafungu hayo mawili hayakuchanganywa. Mwanasiasa angetangaza kumi na tano, na polisi wenye kujitetea wangetaka isitajwe hata moja.

Kwa hiyo tunasadiki kwamba njia baina ya chumba cha wachambuzi na afisi ya usimamizi wa polisi inafaa kufunguliwa, na kwamba wanawake wana nafasi ya pekee katika njia hiyo. Katika idara nyingi za siri, wanawake ndio waliokuwa wakitunza na kupanga majalada wakati wanaume wakipewa vyeo. Bibi Stella Rimington aliingia katika idara ya usalama wa ndani ya Uingereza mwaka 1967 akiwa mpiga chapa wa muda mjini New Delhi. Mwaka 1992 akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza. Mwenye kuzoea majalada kwa miaka hutambua upesi ukurasa uliochomolewa na tarehe iliyobandikwa baadaye. Ujuzi huo, ukihamishiwa upande wa raia, ni hazina kubwa.

Lakini tahadhari ni lazima. Aliyelelewa ndani ya siri huweza kuhama na utii wake wa zamani. Basi asipewe kuchunguza majalada aliyoyashughulikia mwenyewe, wala asikabidhiwe afisi peke yake bila ya wanasheria na raia wa kawaida kuwa pamoja naye.

Wapo watakaosema kuwa kumfungulia mgeni jalada la siri ni kumtoa mhanga mtoa habari na kuudhoofisha ulinzi wa nchi. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani mtoa habari anayefichuliwa huenda asiione kesho. Lakini taarifa ya Belfast ilitolewa hadharani watoa habari wakitajwa kwa nambari, si kwa majina. Siri ya kumlinda mtu asiuawe ni halali. Siri ya kumlinda muuaji asishitakiwe si ulinzi wa nchi, na askari mwaminifu ndiye wa kwanza kuchafuliwa nayo.

Fundisho la pili ni kwamba ujuzi bila ya ufunguo haufui dafu. Bibi huyo huyo aliongoza jopo lililochunguza mauaji ya Daniel Morgan, yaliyotokea London mwaka 1987. Jopo hilo, lililoundwa mwaka 2013, halikuwa na nguvu ya kisheria ya kudai nyaraka. Lilitegemea hiari ya polisi. Kazi iliyotazamiwa kuchukua mwaka mmoja ilichukua minane, na sehemu ya muda huo ilipotea katika mabishano juu ya kufunguliwa kumbukumbu za polisi. Msimamizi alikuwa yule yule na bidii ilikuwa ile ile. Kilichopungua ni sheria.

Na sisi tuitazame nyumba yetu. Usimamizi wa malalamiko si jambo geni kwetu. Tume ya Kudumu ya Uchunguzi iliundwa Tanzania mwaka 1966, mapema kuliko katika nchi nyingi za Afrika, na mwaka 2001 Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ikashika mahali pake. Polisi ni jambo la Muungano, kwa hiyo mwananchi wa Micheweni na wa Makunduchi wanahusika sawa na mwananchi wa Mwanza. Wala wasomaji wetu hawajasahau Januari 2001, maisha ya watu yalipopotea hapa Visiwani. Tume iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita iliundwa mwaka uliofuata. Tume ya aina hiyo ina heshima yake, lakini huitwa baada ya msiba, hukusanya maneno ya waliosalia, kisha huvunjwa. Afisi ya kudumu huyakuta majalada yangali mabichi.

Kinyozi hajinyoi. Hatusemi hivyo kwa kuwadharau polisi wetu, ambao hukesha ili sisi tulale. Twasema kwamba hata mwema haachiwi kujihukumu mwenyewe. Tunawashauri wakuu wa Serikali zote mbili watazame mambo matatu: kwamba usimamizi wa polisi uwe na wachunguzi wake wenyewe; kwamba kutoa jalada kuwe amri ya sheria, si hisani ya mkubwa; na kwamba wachambuzi hodari, wanawake kwa wanaume, wapewe njia ya heshima ya kuhamia kazi hiyo bila ya kuonekana wasaliti. Mzee wa Belfast alingoja karibu miaka kumi kuambiwa kuwa alilolilalamikia lilikuwa kweli. Mzazi wa Pemba au Unguja naye anastahili kujua pa kulipeleka lalamiko lake.