Ghorofa Mtaani na Haki ya Kuulizwa

Mwenye kiwanja akitaka kujenga ghorofa tano katika mtaa tulivu wa Boma au Kilakala, majirani hugawanyika upesi. Wazee wenye nyumba huhofia faragha ya nyua zao, wingi wa magari na maji taka. Mpangaji kijana, mwalimu au muuguzi, huona nafuu ya kuishi karibu na kazi badala ya kugombania daladala kila alfajiri kutoka Kihonda. Wote wana hoja.

Tukumbuke pia kwamba mji usiopanda juu hutanuka kando, na Morogoro ikitanuka huikwea milima ya Uluguru, yanakotoka maji tunayokunywa. Anayekataa kila ghorofa naye ana deni la kujibu.

Hata hivyo, Kariakoo imetufunza. Nyumba za chini zilipisha maghorofa, lakini mitaro na maegesho havikuongezeka kwa kasi hiyo. Na Novemba 16, 2024 jengo lilipoporomoka huko, watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Hofu ya mwananchi si ushamba.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka kibali kabla ya uendelezaji. Basi ramani ibandikwe ofisi ya mtaa kabla ya kibali kutolewa, msingi ukiwa haujachimbwa. Mkutano uitishwe, na wapangaji waalikwe. Afisa aeleze hadharani maji taka yataelekea wapi na nani atakagua nondo. Akishindwa kujibu, asitie saini.