Kidonda cha usoni kisichopona hakitaki mafuta

Ikiwa una kidonda usoni ambacho kimepita wiki 4 bila kupona, acha kununua mafuta ya kupaka. Huenda ni kansa ya ngozi, na hiyo haina tyubu kwa kemisti.

Walio hatarini zaidi kwetu ni watu wenye ualbino, kwani ngozi yao haina rangi ya kuikinga na jua. Huku Juja tunaishi nao. Wengi wamepitia shule ya vipofu ya Thika, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka wa 1946, kwa kuwa macho yao pia ni dhaifu. Wakimaliza hutafuta riziki kama sisi sote, sokoni au kando ya barabara, juani kutwa.

Ugonjwa huanza kama gamba kavu mdomoni, sikioni au shavuni. Likibanduka hutoa damu, kisha hurudi. Wakati huo daktari hudunga ganzi, hukata kidonda pamoja na milimita chache za ngozi nzima pembeni, hushona, na mgonjwa hulala kwake jioni hiyo. Nyama iliyokatwa sharti ipelekwe maabara ijulikane kama kingo zake ni safi. Ukiambiwa hakuna haja, kataa.

Uvimbe ukifikia ukubwa wa ngumi, kazi ni nyingine kabisa. Huenda umekula pua, umegusa mfupa, na tezi za shingo zimevimba. Hapo ni nusukaputi, na ngozi ya paji la uso au nyama ya kifua kuhamishwa ili kuziba pengo. Wakati mwingine jicho hutolewa. Baadaye huja tiba ya miale, ambayo siku hizi haiko mbali: hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta inayo.

Kuna jamaa humfungia mgonjwa chumbani kwa sababu ya harufu, wakisema amechelewa. Sikubaliani nao hata kidogo. Uvimbe mkubwa si lazima uwe umesambaa mwilini. Na hata ukiwa umesambaa, kuukata kunaweza kupunguza harufu na damu, na mtu akaweza tena kula mezani na watoto wake.

Kwa mwenye ualbino ambaye bado hana kidonda, Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa losheni ya jua isiyolipiwa kwa waliojiandikisha. Ulizia katika hospitali ya umma iliyo karibu nawe. Ukikuta imeisha, kofia pana na mikono mirefu huuzwa kila soko.