Tuchoronge kwa maji kabla ya kuuziana manjano
Na Rehema Kisaka

Taja baridi yabisi mbele ya watu watano, wanne watakupa dawa papo hapo: manjano na asali, tangawizi ya kuchemsha, kitunguu saumu kabla hujatia kitu tumboni. Hakuna atakayekuuliza unafanya kazi gani.

Maradhi ya kinga ya mwili kumgeuka mwenyewe, kama baridi yabisi, lupasi na skleroderma inayokakamaza ngozi, yana mkono wa ukoo na wa homoni. Katika kila wagonjwa 10 wa lupasi, karibu 9 ni wanawake. Lakini yana pia vichokozi vya nje, na vumbi la mawe limeshtakiwa zamani. Mwaka 1914 daktari Byrom Bramwell wa Edinburgh aliandika kuhusu waashi wa mawe waliopata skleroderma. Mwaka 1953 Anthony Caplan akaeleza mabaka ya pekee mapafuni mwa wachimbaji makaa wa Wales wenye baridi yabisi. Miaka minne baadaye zikaja habari za skleroderma kwa wachimbaji dhahabu wa Afrika Kusini.

Kinachochokoza ni silika iliyomo kwenye vumbi hilo. Chembe yake ni ndogo mno, inashuka hadi kwenye vifuko vya hewa. Seli za ulinzi zinaimeza, zinashindwa kuisaga, zinakufa zikimwaga kemikali za kuita wenzao, nao wanakuja kuimeza tena. Mwili unakaa vitani miaka na miaka, na kwa baadhi ya watu unaanza kujipiga wenyewe.

Sasa twende Mererani, kwenye machimbo ya tanzanaiti. Wanaapolo, yaani wachimbaji wa huko, wanatoka shimoni weusi kwa kinywe, kope tu ndizo zinaonekana zikipepesa, na wengi wakifika juu cha kwanza ni sigara. Vipimo vya hewa vilivyochukuliwa humo vilionyesha silika nyingi kupita kiasi, na uchorongaji ulikuwa mkavu, bila maji ya kutuliza vumbi. Sigara ndiyo kichokozi cha baridi yabisi kinachofahamika kuliko vyote, na ikikutana na silika, hatari inazidi ile ya kila kimoja peke yake. Mmoja wao vidole vikianza kuvimba na kukakamaa asubuhi, tunamwambia anywe manjano!

Siyapigi vita manjano. Yana kiambata kinachopunguza uvimbe, ila kikiliwa kinaingia kidogo sana kwenye damu, na majaribio mengi kwa wagonjwa yamekuwa madogo. Mafuta ya samaki yana ushahidi mzuri zaidi wa kupunguza maumivu ya viungo, na dagaa wetu wanayo. Ale, anywe, hakuna ubaya.

Ubaya uko kwenye unga usiojulikana. Bangladesh, utafiti wa 2019 ulionyesha manjano yakipakwa rangi yenye risasi ili yang'ae. Na ile “dawa ya miti” inayomaliza maumivu kwa usiku mmoja ndiyo inayonitisha kuliko zote, kwa kuwa katika nchi nyingi unga wa namna hiyo umekutwa na deksamethasoni ndani, dawa kali ya hospitali ya kuzima uvimbe. Mgonjwa anafurahi, uso unaumuka, sukari inapanda, na akiacha ghafla anaweza kufa. Muda wote huo ugonjwa unaendelea kula viungo, na kiungo kilicholiwa hakirudi.

Anayetaka asili ajue kwamba haidroksiklorokwini, nguzo ya tiba ya lupasi, ni ya ukoo wa kwinini iliyotoka kwenye gome la mti. Tofauti ni kwamba kipimo chake kinajulikana.

Kwa hiyo daktari wa zahanati ya machimboni amuulize mwenye viungo vilivyovimba anavuta vumbi gani. Mwenye shimo aweke mashine zinazopitisha maji kwenye ncha ya kuchorongea, teknolojia ambayo migodi mikubwa imeitumia kwa zaidi ya miaka 100. Na afisa wa madini akishuka kukagua, aulize bomba la maji liko wapi kabla hajaulizia stakabadhi za mrabaha. Asipolionyeshwa, afunge shimo siku hiyo hiyo.