Dawa ya Magugu Ikae Mahali Pake



Sisi wa gengi la reli upande wa Bumula tuna neno. Msimu wa mvua ndefu mkandarasi mmoja alitupa mabomba ya mgongoni, tukanyunyiza dawa ya magugu juu ya kokoto tangu asubuhi. Saa kumi mvua ikanyesha, kama ilivyo desturi ya huku Bungoma. Dawa ikashuka mferejini, na mfereji unakwenda kwenye kijito wanakochota maji watoto wetu. Maharagwe ya jirani yakanyauka. Magugu ya reli yakaota tena baada ya wiki chache, tukaambiwa turudie. Nani alifaidi?

Wakulima wa huku wamekwisha kuonyeshwa njia nyingine. Kila mtu analijua kayongo, gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi. Mwaka 2005 ilitolewa mbegu ya Ua Kayongo, kazi ya watafiti wa KARI (siku hizi KALRO), CIMMYT na wenzao. Dawa yake, imazapiri, haimwagwi shamba zima. Hupakwa juu ya mbegu yenyewe, gramu 30 hivi kwa hektari, ikakutana na kayongo pale pale mzizini. (Mpandaji anawe mikono kabla hajashika mbegu ya maharagwe, la sivyo hayataota.) Na kwa kuwa mvua nyingi huweza kuishusha chini, wataalamu walijaribu pia kuifunga ndani ya vitu vinavyoiachilia kidogo kidogo.

Kwingine hutumia udongo wa mfinyanzi, wanga, hata ute wa mwani. Ni kama jiwe la chumvi ambalo ng'ombe hulilamba siku nyingi. Chumvi ya unga huishia kwenye mvua moja.

Hatusemi ni maziwa. Sumu ni sumu, na glavu bado twazidai.

Wako vibarua wanaonong'ona kwamba tukinyunyiza mara moja badala ya mbili, siku za malipo zitapungua. Neno hili si la kuchekwa, maana kibarua hana akiba. Lakini mifereji imejaa mchanga na madaraja madogo yamezibwa na takataka. Siku hizo zihamishiwe huko.

Twamwomba Katibu alipeleke jambo hili kwa wakubwa: dawa ya namna hiyo ijaribiwe kwanza kwenye vipande vya reli vilivyo karibu na vijito, na jina la kila dawa tunayobebeshwa lisomwe kwa gengi, kwa Kiswahili, kabla bomba halijajazwa.