Nani Autunzaye Mti Uliokwisha Pandwa?

Wenzetu wanachama, twataka kusema neno juu ya watu ambao majina yao hayamo katika orodha yo yote ya mishahara tuliyopata kuiandika, nao hutufanyia kazi juu ya vichwa vyetu. Hao ni wapogoaji wa miti.

Kila aendaye kazini kwa njia ya Lumumba hapa Kigoma hupita katika kivuli cha miembe, na mkaaji wa Ujiji naye aijua miembe ya kwao. Miti hiyo asili yake si nchi hii. Ilienea bara pamoja na misafara ya karne ya 19, zama za biashara ya pembe na watumwa, hata njia itokayo Bagamoyo mpaka Ujiji ikatambulikana kwa miembe yake. Mwaka 2006 nchi yetu iliiandikisha njia hiyo katika orodha ya awali ya UNESCO. Mwembe ule ambao Stanley alikutana na Livingstone chini yake mwaka 1871 ulikwisha kufa zamani, na iliyopo leo penye ukumbusho ni uzao wake. Basi umashuhuri haumzuilii mwembe kufa. Unaouzuilia ni mkono wa mtu ajuaye kuutunza.

Na kazi ya mkono huo si ndogo. Mpogoaji ajuaye kazi hakimbilii kupanda. Kwanza huuzunguka mti, akatazama mizizi kama mchwa wameingia, akaligonga shina kwa mgongo wa panga apate kusikia kama ndani mna uvungu, akatafuta nyuki. Majimoto hana haja ya kuwatafuta, watamtafuta wao. Kisha hufunga kamba, na mwenziwe hubaki chini kuwaondoa wapitao, akina mama wenye biashara zao kivulini, na watoto ambao kwao kila tawi lianguka na embe. Tawi kubwa hulikata kwanza kwa chini kidogo, ndipo akalikata kwa juu. Asipofanya hivyo litaanguka na kulichuna gome la shina, na hapo ukungu hupata mlango. Tena hakati kwa kulibana shina wala haachi kigutu kirefu, kwa maana mti huliziba jeraha lake mwenyewe ukiachiwa ile shingo ya tawi. Utomvu wa mwembe humwunguza ngozi. Jioni hushuka, na kuni huwa zimekwisha gombaniwa.

Lakini mtu huyu huitwa lini? Huitwa tawi likiisha kuanguka juu ya bati la mtu, au mvua za Novemba zikiisha kuanza. Hulipwa kibarua cha siku moja, huja na panga lake na kamba yake mwenyewe, ambayo pengine ni ile ile ya kufungia mizigo. Akikosekana, huchukuliwa kijana ye yote mwenye nguvu, naye huukata mti kichwa ukabaki kama nguzo. Machipukizi yaotayo hapo hushika juu juu tu, na baada ya miaka michache huanguka kwa upepo wa ziwani, nasi tukasema miembe imezeeka! Na mpogoaji akianguka je? Upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008. Walakini mtu asiyeandikwa katika kitabu cho chote, nani atamshuhudia kwamba alikuwa kazini?

Hali ya wapanda michikichi mashambani yafanana na hiyo. Tangu mwaka 2018, Waziri Mkuu Majaliwa alipolihimiza zao hili mkoani kwetu, kituo cha utafiti cha Kihinga kimejulikana sana kwa mbegu na miche, nasi twafurahi. Hata hivyo mchikichi mrefu wa zamani ungali wapandwa kwa kitanzi cha kamba kiunoni na panga mkononi, ili makuti makavu yapunguzwe na mikungu ikatwe, na habari za apandaye hazisikiki mikutanoni.

Sasa twajisemea sisi wenyewe tulio makarani. Serikali iliagiza kila Halmashauri ipande miti 1,500,000 kwa mwaka. Agizo ni jema. Lakini karatasi tuzichoralo mistari kwa ajili yake, safu ya miti iliyopandwa huwa pana, na miti iliyopogolewa haina safu. Jambo lisilo na safu halipati fungu la fedha, na lisilo na fungu halipati mtu. Wako watakaosema kwamba kukata matawi hakutaki elimu. Hao twawaomba wapande mwembe mmoja wa Lumumba, kisha waje tuzungumze.

Hatudai makubwa. Watu wanne walioandikwa kwa mwaka mzima, kamba za kupandia zilizo imara, kofia ngumu, misumeno, na fundi wa misitu wa kuwafundisha mwezi mmoja, vyatosha kwa kuanzia katika Manispaa yetu. Kazi yao ya kwanza iwe kuikagua miembe mmoja mmoja wakati wa kiangazi na kuipa namba, ili mwembe ukiugua ijulikane ni upi na tangu lini.

Kamati ya chama itakutana kabla ya mvua. Twaomba jambo hili litiwe katika shauri la siku hiyo, na mwanachama ashughulikaye na makadirio ya mwaka ujao aje na karatasi yenyewe, tuone safu hiyo yaweza kuchorwa wapi.