Gari Lizimikapo Njiani

Mama zetu na dada zetu, wengi wenu huwapeleka watoto madrasa kwa gari, na funguo za nyumba, za duka na za kabati zote zimening'inia kwenye ufunguo wa gari. Tunawaomba mzitenganishe leo.

Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliyaita magari yapatayo milioni 2.6 yarudi kutengenezwa. Swichi ya ufunguo ilikuwa legevu. Uzito wa shada la funguo, au goti kuugusa ufunguo, uliweza kuizima injini gari likiwa mbioni, na mifuko ya hewa isifunguke likigonga. Vifo 124 vilikubaliwa kulipiwa fidia. Wahandisi wake walikuwa na habari za ila hiyo kwa zaidi ya miaka 10. Sisi tuliosomeshwa kwamba muuzaji hubainisha ila ya bidhaa yake, kimya kile hatukiiti ila dhulma.

Hata gari lisilo na ila hiyo huzimika, pampu ya mafuta ikifa au petroli ikiingia maji. Hapo usukani huwa mzito, mtu akadhani umekwama. Haukukwama: ushikeni kwa mikono miwili, muuzungushe kwa nguvu. Breki nayo hukazana ikikanyagwa mara mbili tatu, basi ikanyageni mara moja, kwa nguvu, msiiachie. Washeni indiketa za pande zote mbili, msogee kando. Wala msiuchomoe ufunguo gari lingali likienda, usukani utafungika.

Nanyi mabwana, gari likiwa limesimama uani, zimeni injini, ufunguo ubaki mahali pake, mama wa nyumba auzungushe usukani aujue uzito wake.