Kongosho la Kupandikizwa: Je, Ni Mwisho wa Sindano?

Siku hizi husemwa makambini na katika vituo vya polisi kwamba ng'ambo kisukari kimepata dawa: mgonjwa hubadilishiwa kongosho kama gari libadilishiwavyo betri, naye huaga sindano. Habari hii yataka kupimwa, kwani mgonjwa aliyekwisha zoea insulini akiitupa kwa tamaa ya upasuaji, aweza kufa kabla ya kuufikia.

Upasuaji huo huwahusu zaidi wagonjwa wa aina ya kwanza, ambao kinga ya mwili, jeshi letu la ndani, imeasi na kuziua chembe zitengenezazo insulini. Wagonjwa walio wengi ni wa aina ya pili, na hao hawahusiki sana.

Kongosho la kwanza lilipandikizwa Desemba 1966 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, na madaktari William Kelly na Richard Lillehei. Mgonjwa, mwanamke wa miaka 28, alipewa na figo pia. Alikaa siku chache tu bila sindano. Baada ya miezi michache alifariki. Tangu hapo ufundi umeendelea mno, na wengi huishi miaka mingi na kongosho la marehemu.

Ila jeshi la ndani halimtambui mgeni huyo. Ili limwache, sharti lipunguziwe silaha kwa vidonge vya kila siku, na hapo maradhi mengine hupata mwanya. Basi mtu huacha sindano akashika vidonge vya maisha. Ndiyo sababu wapewao kongosho, wengi wao ni wale ambao figo zao zimekufa, na ambao kwa figo mpya wangevimeza vidonge hivyo vyovyote iwavyo. Wachache wengine ni wale ambao sukari yao huporomoka bila dalili. Askari wa lindo la usiku ataelewa hatari hiyo bila kuelezwa.

Mwaka 2000 iliripotiwa kwamba huko Edmonton, Kanada, wagonjwa 7 walitiwa chembe peke yake, wote wakaacha insulini. Kwa waliofuatiliwa miaka 5, ni kama mmoja tu kati ya 10 aliyebaki bila sindano. Vidonge vilibaki.

Kwa maoni yetu, habari kubwa zaidi ilitoka Uppsala, Sweden, mwaka 2025. Chembe za marehemu zilirekebishwa ili zisitambuliwe na kinga, zikatiwa katika msuli wa mkono wa mgonjwa mmoja. Wiki 12 baadaye zilikuwa hai, zikitoa insulini, pasipo kidonge hata kimoja. Kipimo kilikuwa kidogo kwa makusudi ya majaribio, na mgonjwa huyo aliendelea kujidunga insulini.